Jinsi wanafunzi wanavyoweza kuandaa onesho kuhusu historia ya makumbusho yenyewe: mwongozo kamili

Vikundi vya wanafunzi wa akiolojia, historia na urithi wa utamaduni hupewa kazi hii mara kwa mara, na vingi huishia mahali pamoja: ukuta wenye picha za wakurugenzi, orodha ya tarehe za ufunguzi, na aya ndefu zilizonakiliwa kutoka kwenye kijitabu cha taasisi. Mgeni huangalia picha mbili tatu, kisha huenda kutafuta mafuvu na ngoma. Kosa hutokea mwanzoni kabisa, kwa sababu wanafunzi huanza na jengo na viongozi wake, ilhali historia ya makumbusho imo zaidi katika vitu vilivyokusanywa na katika maandishi ya waliovipokea.

Mwongozo huu unawahusu wanafunzi wanaofanya kazi ndani ya makumbusho ya umma kwa muhula mmoja, wakiwa na bajeti ndogo na chumba kimoja. Mifano mingi imetolewa kwenye Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na michache kwenye makumbusho za Nairobi na Kampala.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Barua ya utambulisho kutoka chuoni, pamoja na kibali cha maandishi cha makumbusho kinachotaja vyumba, ghala na nyaraka mnazoruhusiwa kufikia. Ulizeni mapema kama kazi yenu inahitaji pia kibali cha utafiti cha serikali, kwa kuwa kibali hicho hakitoki kwa siku moja.
- Mhifadhi mmoja aliyeteuliwa rasmi kuwa msimamizi wenu, na jina la atakayekaimu nafasi yake akisafiri.
- Ruhusa ya kusoma daftari la usajili wa mikusanyo, kadi za vioneshwa, ripoti za mwaka na mafaili ya barua.
- Penseli, madaftari, glavu za nitrili na karatasi zisizo na asidi.
- Kamera au skana, na rula ya kuweka kando ya kitu kinapopigwa picha.
- Kinasa sauti au simu yenye nafasi ya kutosha, pamoja na fomu za ridhaa kwa Kiswahili.
- Futikamba, pimamaji, na ramani ya chumba yenye vipimo vilivyopimwa na ninyi wenyewe. Ramani za zamani mara nyingi hazioneshi soketi zilizoongezwa baadaye wala mlango ulioziba.
- Kipima mwanga na kipima unyevu. Kama makumbusho haina, baadhi ya idara za fizikia au usanifu majengo huweza kuazima.
- Bajeti iliyoandikwa, ikiwa na fungu la dharura.

Tengeni wiki 12 hadi 14. Nusu ya muda huo iwe ya utafiti, hata kama mwalimu anataka kuona mabango mapema.

Hatua ya 1: Andikeni swali moja, kisha mkubaliane nani ana neno la mwisho

“Historia ya makumbusho yetu” ni mada, na mada haichagui chochote. Swali huchagua, kwa sababu kila kitu kisichosaidia kulijibu huachwa nje. Makumbusho ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1934 chini ya utawala wa Waingereza, na ikafunguliwa kwa umma mwaka 1940 ikiwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano. Leo ni nyumba ya urithi wa taifa huru. Swali linalofaa laweza kuwa: nani aliamua kitu gani kiingie katika nyumba hii, na uamuzi huo ulibadilika namna gani baada ya uhuru?

Ugumu wa kazi hii uko hapa. Makumbusho ni mwenyeji wenu na wakati huohuo ndiyo inayochunguzwa. Likijitokeza jambo lisilopendeza, kwa mfano kundi la vitu vilivyoingia bila kumbukumbu ya mwenye mali, mtu fulani ofisini ataomba lebo ilainishwe. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja tangu wiki ya kwanza, yakieleza nani anasoma maandishi, kwa muda gani, na anaweza kubadilisha nini. Kusahihisha ukweli uliokosewa ni haki ya makumbusho. Kufuta hoja yenye ushahidi kunahitaji kikao cha pande mbili na mwalimu wenu. Vikundi vinavyoona haya kuomba makubaliano haya mapema hujikuta vikibishana mabango yakiwa tayari kwa mchapaji.

Mtajua hatua imekamilika pale kila mwanakikundi atakapoweza kulitaja swali kwa sentensi moja bila kutazama karatasi, na hakuna kati yenu anayelijua jibu lake lote.

Hatua ya 2: Gawaneni kazi

Mnahitaji mratibu, watafiti wa nyaraka, wasaili, mwandishi mkuu wa maandishi, msanifu wa chumba, na mtu mmoja wa fedha na vibali. Mwandishi mkuu awe mmoja tu. Mabango yaliyoandikwa na watu saba husomeka kama majibu ya mtihani wa watu saba.

Hatua ya 3: Someni daftari la usajili kabla ya historia iliyochapishwa

Kila makumbusho yenye utaratibu ina daftari, au siku hizi hifadhidata, ambamo kila kitu kilipewa nambari kilipopokelewa. Kwa kawaida huwa na safu za tarehe, maelezo ya kitu, mahali kilikotoka, aliyekileta na njia kilivyopatikana: zawadi, ununuzi, uchimbaji, uhamisho kutoka ofisi nyingine, au kukamatwa mpakani. Historia iliyochapishwa huwaeleza kile taasisi ilichotaka kuonekana, ilhali daftari huonesha ilichokuwa ikifanya siku hadi siku, na liliandikwa na mtu ambaye hakuwa akimfikiria mgeni wa leo.

Chagueni sehemu inayogusa swali lenu, kwa mfano miaka mitano kabla ya uhuru na mitano baada yake, kisha mnakili kila ingizo kwenye jedwali la kompyuta kama lilivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia. Jina la kabila lililoandikwa vibaya na ofisa wa mwaka 1938 ni ushahidi, na mkilisahihisha kwenye jedwali mmeupoteza. Usanifishaji wa majina ufanyike katika safu ya pembeni.

Jedwali likishajaa, tafuteni mambo manne. Kwanza, ni mikoa ipi inayojitokeza sana na ipi haipo kabisa. Pili, nani walikuwa waletaji: maofisa, wamisionari, wachimbaji wa kale, wafanyabiashara au wananchi wa kawaida. Tatu, ni mara ngapi aliyekileta kitu ametajwa kwa jina huku aliyekitengeneza akitajwa kwa kabila tu. Nne, mwandiko unabadilika lini, kwa kuwa mwandiko mpya humaanisha msajili mpya, na msajili mpya huja na mazoea yake.

Kuweni waangalifu katika kuhitimisha. Safu iliyoachwa wazi haithibitishi kwamba kitu kiliporwa. Inathibitisha kwamba aliyekipokea hakuuliza au hakuandika, na hilo peke yake linatosha kuandikiwa lebo. Pia mikusanyo mingi imewahi kupewa nambari upya, hivyo kitu kimoja chaweza kuwa na nambari mbili au tatu. Msihesabu kabla mhifadhi hajawaeleza mfumo uliotumika. Na karibu na daftari tumieni penseli tu: wino ukidondoka hauondoki.

Hatua hii imefanikiwa mnapoweza kumweleza mhifadhi jambo kuhusu mikusanyo yake ambalo yeye mwenyewe alikuwa hajaliona likiwa limekusanywa pamoja.

Hatua ya 4: Chagueni vitu vichache, mfuate safari zao

Chumba cha mita za mraba 40 kinatoshwa na vitu 8 hadi 12. Kila kimoja kiwe na safari inayojibu sehemu ya swali, hata kama si kizuri kwa macho.

Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ni mfano mzuri. Mary Leakey aliliona katika bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Kwanza lilipelekwa Nairobi, ambako mumewe Louis Leakey alikuwa akiongoza Makumbusho ya Coryndon, iliyofunguliwa mwaka 1930 kwa jina la gavana wa Kenya na ikabadilishwa jina baada ya uhuru. Mwaka 1965 fuvu likakabidhiwa Tanzania. Kwenye lebo nyingi limeandikwa kama habari ya chimbuko la binadamu, na hiyo ni sawa kwa ukumbi wake. Kwenu ninyi ni habari ya makumbusho mbili katika miaka ya mwisho ya ukoloni: ipi ilikuwa na wataalamu na maabara, na ipi ilisubiri hadi nchi iwe huru ndipo ipokee kilichotoka ardhini mwake. Fuvu asilia haliazimwi kwa onesho la wanafunzi, na ni sawa lisiazimwe. Ombeni nakala ya plasta, na muandike wazi kwamba ni nakala.

Kampala ina mfano mwingine. Masalia matakatifu ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yalipelekwa Cambridge wakati wa ukoloni na yakarejeshwa Uganda mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Kitu kilichoondoka na kurudi huacha nyaraka kwenye ncha zote mbili za safari, kwa hiyo waandikieni barua pia watunzaji wa nyaraka wa ng’ambo. Wengi hujibu wanafunzi, mradi barua itaje nambari na mwaka badala ya kuomba “taarifa zozote”.

Msisahau visivyokuwepo. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, na kiunzi kikubwa kilichoungwa kutokana na mifupa hiyo, chenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, kimesimama Berlin hadi leo. Onesho la Dar es Salaam linaweza kutenga nafasi tupu sakafuni, iliyochorwa ukubwa wa unyayo wake, ikiwa na lebo kama vioneshwa vingine. Hii ni mbinu ya bei nafuu, nami naiona yenye nguvu kuliko bango lolote kuhusu urejeshaji wa malikale. Itumieni mara moja tu katika chumba.

Tahadhari kubwa ya hatua hii inahusu mabaki ya binadamu wa karne za karibuni na vitu vya ibada. Msivioneshe, wala kuvipiga picha, hata kama vimo kwenye ghala mnaloruhusiwa kuingia, hadi jamii husika na uongozi wa makumbusho watakapokubali kwa maandishi. Habari zake zinaweza kusimuliwa bila picha.

Hatua ya 5: Wasikilizeni waliofanya kazi humo

Wakurugenzi wana hotuba zao kwenye mafaili. Watafuteni walinzi, waongoza wageni, maseremala waliotengeneza makabati, wakaushaji wa ndege na wanyama, na makarani wa usajili waliostaafu. Nendeni wawili wawili, mmoja akiuliza na mwingine akiangalia kinasa sauti, na msianze kurekodi kabla ya salamu kukamilika na kazi kuelezwa. Mzee aliyeamkiwa vizuri na akaelezwa sauti yake itahifadhiwa wapi hutoa mengi zaidi ya aliyewekewa simu mezani ghafla.

Ulizeni kuhusu vitendo na vitu. “Makumbusho ilibadilikaje baada ya uhuru?” huzaa jibu la jumla. “Asubuhi mlipofungua, mlianza na chumba kipi, na nani alishika funguo?” huzaa jina, saa na mara nyingine ugomvi wa zamani unaoeleza mengi. Bebeni picha za zamani za kumbi na mumwombe msimulizi awatambue watu waliomo. Huko ndiko majina ya wafanyakazi wasioandikwa popote hupatikana.

Fomu ya ridhaa iwe na vipengele tofauti vya kusikilizwa ndani ya onesho, kuwekwa mtandaoni na kutajwa kwa jina, ili mtu aweze kukubali kimoja na kukataa kingine. Mfanyakazi ambaye bado ameajiriwa apewe nafasi ya kutotajwa, kwa kuwa maneno yake yanaweza kumgharimu. Tarehe zinazotokana na kumbukumbu zipimwe kwa ripoti za mwaka. Zikitofautiana, zote mbili ziandikwe pamoja na chanzo cha kila moja.

Hatua ya 6: Picha na haki zake

Picha ndogo za zamani ziskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, na nyaraka za kawaida kwa 300. Faili la kwanza lisihaririwe. Fanyeni kazi kwenye nakala. Kwa kila picha andikeni aliyeipiga, anayeimiliki na ruhusa mliyoipata. Picha iliyookotwa mtandaoni isiyojulikana mwenyewe iachwe. Maelezo ya kikoloni yenye lugha ya dharau yanaweza kuoneshwa kama sehemu ya ushahidi, lakini maneno yenu yatangulie, yakisema nani aliyaandika na yalifanya kazi gani.

Hatua ya 7: Pangeni chumba

Chukueni utepe wa karatasi na mweke alama sakafuni kwa ukubwa kamili: kabati hapa, bango pale. Mchoro wa kompyuta hausemi kwamba watu watatu wakisimama mbele ya kabati la pili, mlango unaziba.

Njia iwe na upana usiopungua sentimita 90, na 150 pale ambapo kiti cha magurudumu kitageuka. Kitovu cha mabango kiwe kati ya sentimita 140 na 150 kutoka sakafuni. Karatasi, nguo na picha asilia zisipate mwanga unaozidi luksi 50, na dirisha lolote linalozielekea lifunikwe. Katika miji ya pwani msiegemeze karatasi kwenye ukuta wa nje, kwa kuwa unyevu hupenya na ukungu huonekana ndani ya wiki chache za masika. Pale inapowezekana tumieni nakala nzuri za nyaraka, na asilia zibaki ghalani.

Mpangilio usiwe lazima wa miaka. Chumba kinachoanza na “waliokusanya”, kikaja “waliokusanywa”, kisha “waliotunza”, humfikisha mgeni kwenye swali haraka kuliko ukuta unaotoka 1934 hadi leo.

Hatua ya 8: Andikeni maandishi ambayo mtu atayasoma akiwa amesimama

Bango la utangulizi lisizidi maneno 120, bango la sehemu maneno 80, na lebo ya kioneshwa maneno 50. Herufi za lebo zisiwe chini ya pointi 24. Andikeni Kiswahili moja kwa moja, na toleo la Kiingereza liandikwe baadaye na mtu aliyeelewa hoja. Maandishi yaliyoanzia Kiingereza hutambulika kwa sentensi zisizopumua.

Tazameni lebo hii ya kawaida: “Jengo hili lilijengwa kwa heshima ya Mfalme George wa Tano na lilifunguliwa mwaka 1940 kwa madhumuni ya kuhifadhi, kutafiti na kuelimisha umma kuhusu urithi wa nchi yetu.” Haina kosa la ukweli, lakini nusu yake ya pili ingeweza kubandikwa kwenye makumbusho yoyote duniani.

Linganisheni na hii: “Mfalme ambaye jengo hili lilipewa jina lake alifariki mwaka 1936, miaka minne kabla ya milango kufunguliwa. Leo jengo hilohilo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Kati ya jina la kwanza na la pili, nini kilibadilika ndani ya makabati?” Sentensi zake ni fupi zaidi, inafungua swali la onesho, na inamgeuza mgeni akitazame kioneshwa kilicho kando yake.

Kila lebo itaje nambari ya usajili na namna kitu kilivyopatikana, hata pale jibu ni “njia ya kupatikana haikuandikwa”. Kisha someni lebo zote kwa sauti mbele ya watu wawili wasiosoma somo lenu: mlinzi wa getini na mzazi aliyeleta watoto wanafaa kuliko profesa. Wanapouliza “kwa hiyo ikawaje?”, lebo inafanya kazi. Wanapoitikia tu kwa adabu, iandikeni upya.

Hatua ya 9: Chapisheni na mfunge vifaa

Chapisheni bango moja la majaribio kwa ukubwa kamili kabla ya kulipia yote, na mlisome likiwa ukutani. Kabla ya kitu chochote kuhamishwa, kijazieni ripoti ya hali yake, yenye picha, na isainiwe na mhifadhi. Vitu vibebwe na wawili, mmoja akifungua milango, na kamwe visishikwe kwa mpini au mdomo. Gundi na selotepu zisiguse kitu asilia hata kidogo.

Hatua ya 10: Fungueni, angalieni, kisha mkabidhi

Siku za kwanza baada ya ufunguzi, mwanafunzi mmoja akae chumbani kimya akiandika wageni wanaposimama, wanaposoma na wanaporuka. Kona inayorukwa na wengi ina lebo ndefu, mwanga mbaya, au kitu kilichowekwa mahali pasipofaa, na yote matatu hurekebishika kwa nusu siku. Kitabu cha wageni kiwe na swali mahususi, kama vile “Ni kitu gani cha kwenu kinapaswa kuwa humu?”, kwa kuwa “Toa maoni yako” huleta “Vizuri sana, hongereni”.

Onesho likifungwa, kila kioneshwa kirudishwe kwa ripoti ileile ya hali yake, na pande zote mbili zisaini. Sauti za mahojiano na fomu za ridhaa zipelekwe maktaba ya makumbusho kwa maandishi, na kila msimulizi apewe nakala ya sauti yake. Jedwali la usajili nalo apewe msajili wa mikusanyo, likiwa na majina ya walionakili, kurasa za daftari zilizotumika, na safu ya pembeni inayoeleza kila neno ambalo hamkuweza kulisoma.